Urambo na Kaliua: wataalamu wawe wa pamoja, au kila halmashauri na wake?

MLETA MADA: Ndugu zangu wa Tabora, naomba tulijadili hili. Kaliua ilimegwa kutoka Urambo, na stesheni zote mbili ziko kwenye reli ileile ya kwenda Kigoma. Leo kila upande una mkurugenzi wake, baraza lake na vitengo vyake.

Niliwahi kukusanya ushuru wa gulio kwenye halmashauri moja ya mkoa huu. Siku moja asubuhi POS, ile mashine ya kutolea risiti za ushuru, ikagoma. Mtaalamu wa TEHAMA alikuwa mmoja tu, na alikuwa safarini Dodoma. Stakabadhi za mkono tulishakatazwa. Nikakaa getini mpaka jioni nikiyaangalia magunia ya karanga yanapita. Halmashauri jirani ilikuwa na fundi siku hiyo, ila hakuna barua iliyomruhusu kuja kufanya kazi kwetu.

Nasema mabaraza yabaki mawili, wataalamu wawe wa pamoja. Ufaransa ina manispaa karibu 35,000, nyingine ni vijiji vidogo kabisa. Zimejiunga kwenye vyombo vya pamoja kwa mambo kama kuzoa taka, na kila moja ina meya wake bado.

DIWANI MSTAAFU: Nimekuelewa kijana wangu, ila naogopa. Mwaka 2017 ilipoanzishwa TARURA, barabara zilitutoka mikononi. Mwaka 2019 maji vijijini yakaenda RUWASA. Lakini kalavati likibomoka, mwananchi anagonga mlango wa diwani. Huyo mtaalamu wenu wa pamoja akiharibu, nani atabanwa kwenye baraza?

MLETA MADA: Shikamoo mzee wangu. Hofu yako ni ya kweli, na ndiyo iliyonileta hapa. TARURA na RUWASA ni za serikali kuu, baraza halina meno kwao. Mimi nasema mabaraza mawili yakae, yaandikiane mkataba, pawe na kamati ya madiwani wa pande zote, na asiyeridhika awe na haki ya kujitoa. Tukizidi kushindwa kila mtu kivyake, tunawapa sababu ya kutunyang'anya na hiki kilichobaki. Mkaguzi wa ndani nakubali abaki wa kila halmashauri, kwa sababu yule lazima awe karibu na vitabu. Tuanze na TEHAMA na manunuzi.

MKULIMA, KALIUA: Gharama je? Huku tunategemea tumbaku. Ushuru wake ni 3%, na mvua ikitukataa mfuko wa halmashauri unanywea. Mkisema nusu kwa nusu, mwaka huo sisi tutaitoa wapi?

MLETA MADA: Dada, nusu kwa nusu hata mimi siitaki. Tulipie siku za kazi. Fundi akikaa kwenu siku nne, mnalipa nne. Kinachonitatiza ni mshahara wake wa siku ambazo hakuitwa popote. Hapo wenzetu wa Urambo mnasemaje?