Plastiki la "kulinda" bodi limeitafuna pikapu yangu!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Pikapu yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, nyuma ina lile plastiki gumu jeusi linalotandikwa juu ya bodi, pale pa kubebea mzigo, eti kuilinda. Muuzaji alilipiga kofi akasema, "Chini ya hapa, bosi, rangi ni ya kiwandani, mzigo haujawahi kuigusa." Nikaingia mkenge mwenyewe. Sikuinua hata kona moja.

Juzi nikaamua kulitoa. Skrubu nane. Sita zilitoka kwa mafuta ya kulegezea kutu, mbili zikawa zinazunguka tu palepale kama zinanicheka, nikazikata vichwa kwa grainda. Dude lenyewe bado likagoma, limekamatia kwenye matao ya tairi. Nikaliacha juani mpaka likalegea, tukalikunja watu wawili na kulivutia nyuma. (Nilitaka kulipasua kwa grainda, jirani akanizuia. Bahati yangu, maana ningekata plastiki na bati kwa pamoja.)

Sasa njooni muone. Mchanga, majani yaliyooza, tope jeusi linalonuka. Kuna mche umeota humo! Vitundu vya kutolea maji vimeziba vyote. Yaani kila mvua, maji yalipenya pembeni yakatuama chini, na jua liwake vipi hayakauki, yamefunikwa. Na plastiki lenyewe halitulii: gari likitembea linatetemeka, na mchanga ukiwa katikati ni sawa na kuipiga bodi msasa kutwa nzima. Juu ya kila tuta la bati rangi imelika mpaka chuma, mistari imenyooka kama ya rula.

Kilichoniuma zaidi ni matundu ya skrubu. Aliyelifunga alitoboa ubavu wa bodi kwa drili, akakaza, akaenda zake. Hakupaka hata tone la praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kwenye ukingo wa tundu. Kazi ya dakika mbili! Kutu imeanzia hapohapo, ikatambaa chini ya rangi hadi kona ya mbele. Nimeibonyeza ile kona kwa bisibisi, ikazama. Nimechungulia, naona ardhi.

Fundi bodi naye kanivuruga. Anataka apulizie ile rangi nzito ya mpira ya kukinga bodi, juu ya kutu hiyohiyo, "ifunike". Ifunike nini? Ile ikishika imeshika, kuitoa ni kuipasha moto na kukwangua siku nzima, na moshi wake si wa kuvuta. Huku chini kutu inaendelea kula taratibu, siku nikija kujua hakuna bodi. Nimemwambia kwanza brashi ya waya mpaka chuma king'ae, palipooza akate achomelee bati jipya, apige praima, apige rangi, ndipo tuongee habari za mpira. Kanuna.

Muuzaji nimempigia. "Hata mimi sikujua kuna nini chini." Hukujua, lakini rangi ya kiwandani uliijua!

Wenye haya madude, legezeni skrubu mbili za karibu na mlango wa nyuma, inueni kidogo mmulike tochi, kisha mrudi hapa mseme mmekuta nini. Picha zangu naweka jioni, mikono bado ina tope.