Naomba ushauri: hadithi za redio za zamani kumfundishia mtoto nyumbani

MamaZu_Tabata
Habari za jioni wakuu. Nina binti wa miaka 9. Nataka masomo ya asubuhi yaende kwa kusikiliza: hadithi za enzi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) na michezo ya redio ya Kimarekani ya miaka ya 1930 na 1940, ile inayopakuliwa bure mtandaoni. Sabufa ninayo, memori kadi ya GB 64 nimeshanunua Kariakoo. Sabufa haisomi kadi. Na nikimwekea hadithi kwenye simu, dakika tano tu ameshaanza kuchezea vidole vya miguu. Nifanyeje?

Fundi_Sabufa
Kadi kwanza. GB 64 inatoka dukani ikiwa na fomati (mpangilio wa kuhifadhi faili) ya exFAT, na sabufa nyingi za mtaani zinajua FAT32 tu. Chukua ya GB 16. Faili ziwe mp3, hizo m4a na ogg achana nazo. Kwa sauti ya mtu, mono (sauti ya njia moja) ya kilobiti 64 kwa sekunde inatosha: nusu saa inakula kama MB 14, kwa hiyo GB 16 inabeba karibu vipindi elfu moja. Kinachowashinda wengi ni mpangilio. Vifaa hivi havifuati jina la faili, vinafuata ipi ilitangulia kuingia kwenye kadi. Fomati upya, kisha nakili moja baada ya nyingine. Nyingi pia ukizima zinaanza mwanzo, basi kata kipindi vipande vya dakika nane hadi kumi kwa programu ya Audacity.

Mzee_wa_Mkulima
RTD bwana! Mama na Mwana ikianza mtaa mzima kimya. Pwagu na Pwaguzi je? Watoto wa siku hizi wamelelewa na katuni.

BintiKigamboni
Mchezo wa redio Twende na Wakati nao ulikuwa moto, tangu 1993. Mwekee hiyo.

Mwl_Mstaafu
Mtoto wa miaka 9 umwekee Mkwaju wa humo, dereva wa lori, na mambo yake ya wanawake wa njiani? Mchezo ule ulitungwa kuwafunza watu wazima uzazi wa mpango na ukimwi. Na hiyo ya Kimarekani isikilize mwenyewe kwanza. Mchekeshaji Jack Benny kuanzia 1944 alidhaminiwa na sigara za Lucky Strike, na tangazo limo humohumo ndani ya kichekesho. Amos 'n' Andy ni wazungu wawili wanaigiza watu weusi kwa dhihaka. Let's Pretend ya redio ya CBS ni ngano za watoto, anzia hapo.

Namna ya kufundishia: kabla ya kuwasha, mpe maneno matatu magumu. Sikilizeni dakika nane, zima, asimulie alichosikia bila kumkatiza. Alipopotea, rudieni kipande hicho tu. Kisha achore, aandike sentensi tatu. Redio haimfundishi kusoma wala kugawanya, hayo yanataka daftari. Sasa dada, yuko darasa la ngapi, na shuleni anakwenda saa ngapi kama asubuhi yuko kwenye sabufa?

MamaZu_Tabata
Shikamoo mwalimu. Yuko la tatu. Hilo la shule tuliache kwanza, mimi nimeuliza hadithi.

Mwl_Mstaafu
Marahaba. Haliachiki. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto akifika miaka saba aandikishwe. Mwakani ana upimaji wa la nne, na jina linapelekwa na shule.

MamaZu_Tabata
Sawa. Nimemtoa tangu muhula ulipoanza. Baba yake yuko safari, bado sijamwambia. Mwalimu wake kila siku "hafuati maagizo, anaitwa haitiki", anamkalisha nyuma. Sikumtoa kwa kupenda. Mtoto mwenyewe ana akili, ukikaa naye uso kwa uso anaelewa vizuri sana. Na sare nimeshamgawia mtoto wa jirani, kwa hiyo msinishauri kurudi nyuma.

KijikoChaBati
Sare umegawa, mume hajui, mtoto yuko na sabufa. Hapo mchezo wa redio ni huo wa kwako, sisi ndio wasikilizaji 😂

Nesi_Mbagala
Subirini. Dada, akitazama televisheni anaongeza sauti? Sikio limewahi kutoa usaha?

MamaZu_Tabata
La kushoto, mwaka jana baada ya mafua. Lilikauka lenyewe. Linatoa kidogo akioga. Bibi yake anamtilia mafuta ya nazi.

Msemakweli255
Mnaliwa hapa. Akaunti imefunguliwa juzi, uzi wa kwanza ni wa memori kadi, sasa usaha, kesho mafuta ya nazi. Muda si mrefu atatokea mtu: "ninazo hadithi 500, elfu kumi tu."

DukaLaSauti
Ninazo hadithi 700, elfu nane, naleta mpaka Tabata.

Msemakweli255
Si nilisema!

KijikoChaBati
Amekuzidi hadithi 200 na bei ameshusha.

MamaZu_Tabata
Mimi simjui huyo na siuzi kitu.

Nesi_Mbagala
Awe wa kweli au wa kutunga, kipimo ni bure. Simama nyuma yake kwa umbali wa mkono asione mdomo wako. Kidole chako kimzibe sikio moja, ukisugue taratibu. Toa pumzi, kisha nong'ona namba na herufi tatu, mfano 4-K-2, arudie. Halafu tatu nyingine. Akipata chini ya tatu kati ya sita, sikio lililo wazi lina walakini. Akipata zote bado usaha unataka daktari. Mafuta acha leo, maji yasiingie. Anzia kituo cha afya wakuandikie rufaa, Muhimbili wana kliniki ya masikio, pua na koo.

Fundi_Sabufa
Na hapo rekodi za zamani zinamwumiza zaidi. Sauti nyembamba zimekatwa, na humo ndimo zinamokaa s, f na sh. Chumba cha vigae chini na bati juu kinaongeza mwangwi.

MamaZu_Tabata
Nimempima. Kulia sita. Kushoto moja. Nimerudia, moja tena. Jumatatu tunakwenda, na baba yake nitampigia usiku huu. Ila fundi, kadi nimeshapata ya GB 16. Sabufa niiweke wapi?

Fundi_Sabufa
Upande wa kulia kwake, kama mita moja. Besi shusha mpaka mwisho, inameza maneno. Tundika kitenge kizito ukutani nyuma yake. Mvua ikipiga bati, zima, msomee wewe akiwa anakutazama.

DukaLaSauti
Kitenge pia ninacho.