Naomba ushauri: wanawake wanakwama kwenye usimamizi wa zamu

Habari za kazi, ndugu zangu. Kiwandani hapa Tanga tunaandaa utaratibu wa kuwapandisha wanawake hadi umeneja. Wengi wanakwama kwenye usimamizi wa zamu: nafasi hazitangazwi, na tathmini ya mwaka huwakuta likizo ya uzazi. Sheria ya ajira ya 2004 inawapa siku 84 zenye malipo, 100 kwa mapacha, na hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku; kuwakata alama za mahudhurio kwa hilo ni dhuluma.

Tumependekeza tangazo la siku 14, wasaili watatu wenye maswali yaleyale, na kukaimu kwa barua, maana kukaimu kwa mdomo hakuachi kumbukumbu yoyote. Zamu za usiku je, usafiri na malezi ya watoto mmeyapangaje?