Mjadala: Nani anyime dhamana, hakimu au hati ya mashtaka?

Juzi niliandika kwa kifupi kwamba orodha ya makosa yasiyo na dhamana ifutwe katika sheria zetu. Ndugu mmoja akanijibu: "Mtu kaiba mabilioni, mkimwachia arudi nyumbani, mtamwona tena?" Wengi walimuunga mkono. Swali lake ni la msingi, basi nalijibu kwa urefu.

Tuelewane kwanza tunabishania nini. Huku Tanzania Bara, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imetaja makosa ambayo mshtakiwa hapewi dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha (yaani kuficha chanzo haramu cha fedha) na mengineyo. Hakimu hana cha kupima. Mshtakiwa awe mzee wa miaka sabini mwenye nyumba na wajukuu, au awe kakamatwa mpakani na pasipoti tatu, jibu ni lile lile. Sisemi wote waachiwe. Nasema hakimu apewe nafasi ya kuamua.

Shemeji yangu alikuwa mhasibu katika ofisi moja. Fedha zikapotea, akakamatwa pamoja na wenzake watatu. Wizi una dhamana, kwa hiyo tulijiandaa: wadhamini wawili, barua za serikali ya mtaa, hati ya kiwanja cha baba. Mashtaka yakasomwa, na la mwisho kabisa likawa utakatishaji fedha. Dada yangu bado ameishika bahasha yenye ile hati ya kiwanja. Hakimu akasema mahakama yake haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, washtakiwa wasijibu chochote, na kosa halina dhamana. Dakika kumi zilitosha.

Baada ya hapo ikawa kila wiki mbili. Karandinga linaingia, wanashuka, wakili wa serikali anasimama: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine ya kutajwa." Wanapanda tena. Dada yangu, mkewe, alikuwa anawahi kusimama pale wanaposhukia ili shemeji amwone mtoto wao. Mtoto alianza kwenda mahakamani akiwa mgongoni. Mwishoni alikuwa anamkimbilia baba yake na askari anamzuia. Miaka miwili na miezi kumi ikapita hivyo. Kisha upande wa mashtaka ukaeleza kwamba hauna nia ya kuendelea na shauri. Hakuna shahidi hata mmoja aliyewahi kupanda kizimbani.

Sasa niambieni, nani aliyemweka shemeji ndani? Hakimu hakupima lolote. Aliyemweka ndani ni yule aliyeongeza mstari wa mwisho kwenye hati ya mashtaka, na mtu huyo hakuulizwa na yeyote ana ushahidi gani wa kuuthibitisha.

Kesi kubwa zinazofahamika zimepita njia hiyo hiyo. Mfanyabiashara James Rugemalira aliingia mahabusu Juni 2017 akatoka Septemba 2021, mashtaka yamefutwa. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, waliachiwa Juni 2021 baada ya kukaa ndani miaka zaidi ya saba, nao kwa kufutiwa mashtaka. Mtu anaweza kuwapenda au kuwachukia hao wote, lakini Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Miaka minne ya gereza kwa mtu ambaye kesi yake haikusikilizwa tuiite nini?

Wapo watakaosema mahakama zilishamaliza suala hili. Ni kweli, Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5), chenye orodha hiyo ya makosa yasiyo na dhamana, kinavunja Katiba, na Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Lakini mahakama hiyo hiyo ya Rufani, mwaka 1991 katika shauri la Daudi Pete, ilikuwa imebatilisha sehemu ya kifungu hicho. Na sheria kusalimika mahakamani hakuizuii Bunge kuibadilisha. Mwaka 2022 Bunge liliweka sharti kwamba mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, hatua njema sana, ila makosa makubwa yakaachwa nje. Yaani waliotolewa nje ya kinga hiyo ndio hao hao wasio na dhamana.

Kuna jingine linaloniumiza zaidi. Mwaka 2019 makubaliano ya kukiri kosa, ambapo mshtakiwa anakiri ili apate nafuu kwa upande wa mashtaka, yaliingia katika sheria yetu. Popote pengine mtu angepima ushahidi dhidi yake kabla ya kukubali. Aliye mahabusu bila dhamana na bila tarehe ya kusikilizwa anapima kitu kimoja tu, lini atalala kwake. Atakiri hata asilolitenda.

Nirudi kwa ndugu yangu na hofu yake ya kutoroka. Kenya, tangu Katiba ya 2010, hata mshtakiwa wa mauaji anaweza kuomba dhamana, na mahakama humnyima pale inapoonyeshwa sababu nzito. Uganda, Katiba imeweka ukomo: kwa makosa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, mtu akikaa rumande siku 180 kabla kesi haijapelekwa huko, anapewa dhamana. Kwao watu hutoroka, ndiyo. Ndiyo maana kuna kushikilia pasipoti, kuripoti polisi kila wiki, na wadhamini wanaopoteza mali zao.

Familia ya aliyeuawa nayo ina machungu na hofu ya kukutana na mshtakiwa sokoni. Hofu hiyo ni hoja halali, wakili wa serikali aende nayo mbele ya hakimu na aithibitishe.

Wanaotaka orodha ibaki, nawaomba mnijibu hili kwanza: upelelezi usipokamilika mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mtu akae ndani mpaka lini?