Testi zinaacha uchafu kwenye databesi, nyie mnasafishaje?

Wakuu habari zenu. Nina testi (vipande vya kodi vya kupima programu) kama 60 hivi zinagusa databesi ya PostgreSQL, kila moja inaingiza watumiaji na oda zake halafu mwishoni kuna kipande cha kodi kinafuta. Zikipita zote hakuna neno, ila moja ikikwama katikati ule usafi haufanyiki, masalia yanabaki, nikirudia zinafeli hata zile zisizo na kosa kwa sababu imeili ya mtumiaji tayari imo. Nimechoka kuingia kufuta kwa mkono, wiki ya pili sasa hii.

Jibu
Mkuu usifute kabisa. Kila testi ianze na BEGIN (inafungua transaksheni, yaani kazi ambayo bado haijahifadhiwa moja kwa moja) imalizie na ROLLBACK (inaitengua yote), hapo hakuna kinachobaki, na hata programu ikizimika ghafla koneksheni ikikatika databesi yenyewe inaitupa kazi ambayo haijakomitiwa, yaani haijathibitishwa ihifadhiwe. Kama uko Django (fremuweki ya Python), TestCase yake inakufanyia hivyo tayari. Ila namba za id hazirudi nyuma, sikuensi (kihesabio cha id) ya PostgreSQL ikishasonga imesonga, kwa hiyo usiandike testi inayotegemea id iwe 1. Hiyo ilinila siku nzima.

Jibu
Sawa ila kuna mahali ROLLBACK haifui dafu. Kodi unayoipima ikifungua koneksheni yake nyingine haitaiona data yako maana hujakomiti. Hapo piga TRUNCATE (amri ya kumwaga data yote ya tebo) tebo zote kwa pamoja na RESTART IDENTITY CASCADE (id zinaanza upya, na tebo zinazotegemea hizo zinamwagwa pia), usihangaike ipi ianze kufutwa. Na fanya KABLA ya testi, sio baada, ndugu yangu hili ndo la muhimu, maana testi iliyokufa jana haiwezi kuiharibu ya leo na ikifeli data bado ipo unaichungulia. Halafu weka cheki, jina la databesi lisipoishia na _test kila kitu kigome. Nimeshuhudia data za wateja zikifutwa kwa kukosa mstari huo mmoja, inauma sana.

Jibu
Walioko MySQL (databesi nyingine) angalieni, kule TRUNCATE inakomiti papo hapo, ukiiweka ndani ya transaksheni hairudi. DELETE ndo inarudi, kama tebo ni za InnoDB (injini ya MySQL ya kuhifadhi tebo inayokubali transaksheni).

Muuliza swali
Asanteni sana wakuu. Nimeweka ROLLBACK kwa zote, nne zikagoma, kumbe ndo zile zenye koneksheni ya pili, hizo nimezipa TRUNCATE mwanzoni. Nimezima programu katikati kwa makusudi nikarudia, zote zimepita. Hiyo cheki ya jina naiandika sasa hivi.