"Vitu vyote shirika": ni agizo, ni hiari, au tunajidanganya?

Mleta mada: Wapendwa, tujadili bila matusi. Juzi kwenye kikundi chetu cha maombi tulisoma Matendo 4, pale walioamini walipokuwa na moyo mmoja na roho moja, na vitu vyote shirika, yaani mali ya wote. Tukashikana mikono, tukaombea umoja, kuna waliolia. Tulipokaa, kaka mmoja ambaye kazi ilimwishia miezi minne sasa akasema hana kodi ya nyumba. Kimya. Mtu akakohoa. Kiongozi akasema, "Tunakubeba kwenye maombi, ndugu." Tulikuwa kumi na wanne, na mimi hela nilikuwa nayo mfukoni. Swali: ule ushirika wa mali unatuhusu, au ni habari za wale wa Yerusalemu tu?

Chumvi_Kidogo: Ni hiari, mjadala ufungwe. Matendo 5:4, Petro anamwambia wazi Anania, yule aliyeuza kiwanja akaficha sehemu ya bei: kabla hujauza kilikuwa chako, na ulipouza hela zilikuwa mkononi mwako. Alikufa kwa uongo, si kwa ubahili. Na Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi, asile.

Mleta mada: "Asiyetaka," mkuu. Huyu anazunguka na bahasha ya vyeti mpaka imechakaa pembe.

Mzee_wa_Zaburi: Wanangu, someni Barnaba. Kuhani mzima, aliuza shamba akaweka fedha miguuni pa mitume. Ndiyo imani ile. Na tuambizane ukweli, Anania aliponzwa na mkewe, Safira. Mwanamume akitaka kutoa, breki iko nyumbani. Angempata mke wa maana, leo tungemhubiri pamoja na Barnaba.

Dada_Lidia: Shikamoo mzee. Hapo umeteleza. Imeandikwa kwamba Anania ndiye aliyezuia sehemu ya thamani, mkewe naye akijua. Kujua na kumponza mtu ni mambo mawili. Halafu kuna kitu hamkihubiri kamwe: mume kaanguka, vijana wamemtia sanda, wamemzika, zimepita kama saa tatu, na hakuna aliyekwenda kumwambia mkewe. Anaingia hajui kuwa ni mjane, anaulizwa bei ya kiwanja! Moyo mmoja huo?

Mzee_wa_Zaburi: Marahaba binti. Mtume wa Bwana hahojiwi na wewe.

Chumvi_Kidogo: Lidia anatetea mwongo. Petro alimpa nafasi ya kusema kweli, akarudia yaleyale ya mumewe. Mngetaka atumiwe kadi ya pole kwanza?

Dada_Lidia: Sijautetea uongo, nimesema mjane hakuambiwa. Wewe unayekimbilia kadi za pole, yule kaka wa kodi umemjibu nini? Na mzee, Barnaba hakuwa kuhani. Alikuwa Mlawi, yaani wa kabila la Lawi, mzaliwa wa Kipro, jina lake Yusufu.

Kalamu_Butu: Ngoja, Mlawi? Si torati iliwanyima Walawi urithi wa nchi? Hilo shamba alilitoa wapi?

Mzee_wa_Zaburi: Kalamu, usilete uchokozi.

Kalamu_Butu: Nauliza tu. Labda ndiyo maana aliliuza haraka.

Chumvi_Kidogo: 😂 Ila tuwe wakweli, mali ya pamoja haijawahi kudumu popote.

Msafiri_77: Imedumu. Mwaka 1528 kule Moravia, Ulaya, kundi la Waanabaptisti (Wakristo waliokataa kubatiza watoto wachanga) waliofukuzwa walitandaza joho chini, kila mtu akaweka juu yake alichokuwa nacho. Walikuwa njiani, hawana hata pa kulala. Ndio walioitwa baadaye Wahutteri, kwa jina la Jakob Hutter aliyechomwa moto Innsbruck mwaka 1536. Mpaka leo wapo Kanada na Marekani, kila kijiji chao kina hazina moja.

Chumvi_Kidogo: Hao hao waliwahi kuacha, usifiche.

Msafiri_77: Waliacha, kisha wakarudia. Wewe umeacha mara ngapi hata kabla ya kuanza?

Dada_Lidia: Hata Yerusalemu hawakuwa malaika. Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa kwenye huduma ya kila siku, manung'uniko yakaanza. Chakula cha pamoja, lakini anayepakua anawaona wa lugha yake kwanza.

Kalamu_Butu: Ndiyo maana mimi sitoi. Si uchoyo, ni nani anashika mfuko. Yuda naye alikuwa mshika mfuko.

Msafiri_77: Lakini dawa imo humohumo. Waliteua watu saba, tena majina yote ni ya Kiyunani, yaani waliolalamika walipewa wasimamie. Na Paulo, michango ya kuwasaidia wa Yerusalemu hakuibeba peke yake. Aliwaambia Wakorintho kwamba anatuma ndugu wengine pamoja na Tito, asije mtu akamlaumu.

Kalamu_Butu: Sasa hiyo naielewa. Kanisa nililokuwa zamani mapato na matumizi yalisomwa mbio, kama mtu anakimbia mvua. Ukiuliza, una roho ya Yuda.

Mzee_wa_Zaburi: Mtumishi akisemwasemwa baraka zinakauka.

Kalamu_Butu: Mzee, Paulo alijihami asisemwe, sisi tunakatazwa kusema. Nani kageuza kibao?

Chumvi_Kidogo: Kwa hiyo mada sasa ni mahesabu ya kanisa?

Mleta mada: Mada ni kaka mmoja. Mwenye nyumba amempa mpaka Ijumaa.

Dada_Lidia: Nitumie namba yake pembeni.

Chumvi_Kidogo: Mna hakika anatafuta kazi kweli?

Mleta mada: Bahasha niliishika mwenyewe.

Mzee_wa_Zaburi: Nitumie na mimi hiyo namba. Lakini ya Safira sijayamaliza, binti.