Je, uanaharakati wa mwanamuziki huijenga albamu ya roki au huiharibu?

Mpiga Besi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, kwa muda mrefu nimesikia watu wakisema kwamba mwanamuziki ashughulike na gitaa lake na siasa awaachie wanasiasa. Sikubaliani nao, kwa sababu nikiondoa kwenye rafu yangu albamu zote zenye msimamo wa kisiasa nitabaki na rafu iliyopwaya. Lakini siwaungi mkono pia wale wanaoisifu albamu kwa kuwa tu aliyeitunga yuko upande wa haki.

Mfano unaonisumbua ni wa John Lennon, aliyekuwa wa Beatles. Albamu yake ya mwaka 1970, *John Lennon/Plastic Ono Band*, inahusu zaidi mama yake, umaarufu uliomchosha na imani zilizomponyoka, na kila ninapoisikiliza huwa nahisi kwamba ningekatishwa masomo yote ya muziki nisingekosa kuielewa. Miaka miwili baadaye yeye na mkewe Yoko Ono walitoa *Some Time in New York City*, ambayo jalada lake limepangwa kama ukurasa wa mbele wa gazeti, na nyimbo zenyewe zikawa kama habari za gazeti hilo: uasi wa wafungwa wa gereza la Attica, kesi ya mwanaharakati Mmarekani Angela Davis, machafuko ya Ireland Kaskazini. Umo pia wimbo wa kudai John Sinclair aachiliwe, yule aliyehukumiwa miaka kumi jela kwa sababu ya misokoto miwili ya bangi. Lennon aliuimba katika mkutano wa Ann Arbor mwezi Desemba 1971, na siku chache baadaye Sinclair akatoka. Albamu ilipoingia madukani Juni 1972, wimbo ulikuwa bado unadai uhuru wa mtu ambaye alikuwa huru kwa miezi kadhaa.

Hapo harakati zilifanikiwa na albamu ikashindwa. Naomba maoni yenu: tatizo ni siasa yenyewe, ni haraka, au ni kitu kingine? Je, matendo ya msanii nje ya studio yaingizwe katika kuipima albamu yake?

Sikio Zito alijibu:

Ndugu Mpiga Besi, haraka naiondoa mapema kwenye orodha ya washukiwa. Tarehe 4 Mei 1970 askari wa Ulinzi wa Taifa waliwapiga risasi na kuwaua wanafunzi wanne katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio. Neil Young aliona picha za tukio hilo katika jarida, akaandika wimbo, na kabla mwezi haujaisha yeye na wenzake Crosby, Stills na Nash walikuwa wameshaurekodi. Ni vigumu kutunga kwa haraka kuliko hapo, na bado wimbo huo haujachuja hata kidogo. Gitaa linaanza peke yake, zito na lenye kinyongo, kabla mtu yeyote hajatamka neno. Maneno yenyewe ni machache, yanarudia idadi ya waliokufa, kisha yanamgeukia msikilizaji na kumuuliza angefanya nini kama angemkuta mtu anayemfahamu amelala chini. Wimbo huo hauna hoja inayojengwa wala adui anayefafanuliwa kwa kirefu. Lennon wa mwaka 1972 anatueleza la kufikiri, ilhali Young anatuacha na maiti nne.

Young huyohuyo alirudia njia ileile mwaka 2006 kwa *Living with War*, albamu nzima iliyorekodiwa kwa siku chache dhidi ya vita vya Iraki. Msimamo wake naukubali, ila albamu hiyo niliisikiliza, nikaiweka pembeni, na sijaona sababu ya kuirudia.

Ukitaka mfano wa mtu aliyejua kujiweka kando, sikiliza wimbo wa Peter Gabriel kuhusu Steve Biko, mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyefia mikononi mwa polisi, unaofunga albamu yake ya tatu ya mwaka 1980. Gabriel hakuanza kwa sauti yake. Alianza kwa sauti za waombolezaji zilizonaswa katika mazishi ya Biko, na akamaliza kwa sauti za mazishi hayohayo. Mwimbaji mashuhuri anapita katikati tu, na kifo kinabaki kuwa cha wenyewe.

Daftari la Hesabu alijibu:

Mimi nitajibu swali la pili, ambalo naona ndugu Sikio Zito amelikwepa kistaarabu. Uanaharakati ni kazi kama kazi nyingine, na ina vipimo vyake ambavyo havina uhusiano na ubora wa gitaa. Tarehe 1 Agosti 1971 George Harrison na Ravi Shankar waliandaa maonyesho mawili kwa siku moja katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Muziki ulikuwa mzuri, na albamu iliyotokana nao ikashinda Grammy ya albamu ya mwaka. Lakini waandaaji hawakuwa wamelisajili tamasha kuwa la hisani kabla halijafanyika, kwa hiyo mamlaka ya kodi ya Marekani ikazizuia fedha nyingi zilizotokana na mauzo kwa miaka mingi. Nia njema ilikwamishwa na karatasi ambayo mwanasheria yeyote angeijaza kwa adhuhuri moja. Albamu naipa alama za juu, na maandalizi nayapa alama za chini, bila alama za huku kuhamia kule.

Bono, mwimbaji wa bendi ya U2, naye nampima hivyohivyo. Alifanya kampeni ya kufutwa kwa madeni ya nchi maskini, na mwezi Juni 2005 mawaziri wa fedha wa G8, kundi la mataifa manane makubwa, walikubaliana kufuta madeni ya dola bilioni 40 hivi ya nchi 18. Hayo ni mafanikio makubwa, ingawa hayakuwa yake peke yake. Mwaka uliofuata U2 walihamishia sehemu ya biashara yao Uholanzi baada ya Ireland kupunguza msamaha wa kodi kwa wasanii, na mtu anayezihimiza serikali zitoe misaada zaidi hana budi kuulizwa kuhusu kodi yake. Hata hivyo, hakuna lolote katika hayo linaloongeza au kupunguza noti moja katika *The Joshua Tree* ya mwaka 1987.

Pande Sita alijibu:

Ndugu Daftari, umetenganisha mno. Safari ya Bono Amerika ya Kati mwaka 1986 ndiyo iliyozaa nyimbo mbili za albamu hiyo, na gitaa la The Edge, mpiga gitaa wa U2, katika wimbo unaoihusu El Salvador linanguruma kama ndege inayopita juu ya paa. Harakati zimeingia hadi kwenye amplifaya, sasa utazitoaje kwenye hesabu?

Kwangu mimi, kinachonivutia zaidi ni msanii anayeanza na biashara yake mwenyewe. The Clash walipotoa *Sandinista!* mwaka 1980, albamu ya sahani tatu, walitaka iuzwe kwa bei nafuu, na ili kampuni ikubali wakaacha mirabaha ya nakala 200,000 za kwanza. Pearl Jam mwaka 1994 waliilalamikia Ticketmaster, kampuni ya kuuza tiketi, kwa tozo zake, na wawili kati yao wakaenda kutoa ushahidi mbele ya Bunge la Marekani. Uchunguzi wa serikali dhidi ya kampuni hiyo ulifungwa mwaka uliofuata bila wao kupata walichotaka, na ziara zao ziliathirika sana. Hao walilipa kwa mifuko yao. Rage Against the Machine wananishinda kidogo: albamu ya kwanza, ile yenye picha ya mtawa Thich Quang Duc akijichoma moto Saigon mwaka 1963, ni ya hali ya juu kabisa, lakini ilisambazwa na kampuni iliyo chini ya Sony. Wao walisema ndiyo njia ya kuwafikia wengi. Huenda ni kweli, na pia ni jibu lililowafaa.

Mpiga Besi aliandika:

Nawashukuru. Mmenisogeza, hasa kwa huo mfano wa Biko. Nadhani mwanamuziki anayeweza kutuliza mjadala kati ya Daftari na Pande Sita ni Peter Garrett wa Midnight Oil. Mwaka 1986 bendi yake ilizunguka jangwa la Australia pamoja na Warumpi Band, ikipiga katika makazi ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na *Diesel and Dust* ya mwaka 1987 ikatokana na safari hiyo. Vumbi lenyewe linasikika kwenye ngoma. Baadaye Garrett akaingia bungeni, akawa waziri wa mazingira, na mwaka 2009 akaidhinisha mgodi wa urani, yeye aliyepinga nyuklia jukwaani kwa miaka. Albamu hiyo nimeirudia baada ya kujua habari hizo, na haikupungua kitu, ila sasa naisikiliza kama kazi ya bendi nzima, na si ya yeye pekee.

Ndugu Pande Sita, *Sandinista!* imekuwa ikinishinda kwa urefu. Niianzie wapi?

Pande Sita alijibu:

Anza na upande wa kwanza na uende hadi wa nne bila kuruka. Wa tano usikilize ukiwa na nafasi. Wa sita, wenye wimbo wao wa zamani ukiimbwa na watoto, unaweza kuuacha kabisa, na jina langu lisikudanganye.